Mama Kwenye Ukumbi wa Mizimu

Mwanangu kipenzi,

Sote wazima, dada yako kajifungua salama. Usicheke, lakini mama yako kapata bendi. Ni vijana wa muziki wa metali, ule wa magitaa makali na kunguruma, walioniagiza niwashonee sanda za kuvaa jukwaani. Nilipokuwa nikiwapima waliniwekea nyimbo zao za mizimu, zikanikaa rohoni.

Juzi nikaenda ukumbini kuwaona wakitumbuiza. Mwimbaji alichomoka kwenye jeneza lililowekwa jukwaani akinguruma, "Pigeni kelele!" Nikapiga, mwanangu, kwa sauti niliyoizuia tulipomzika baba yako. Machozi yakanibubujika. Msichana mmoja mwenye minyororo shingoni akanikumbatia. "Toa yote, mama." Nikatoa yote.

Jana nililala katikati ya kitanda, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Wakija huko kwenu, nenda ukawaone, wala usizibe masikio.

Akupendaye,
Mama