Mshale wa Shemeji Yako

Shoga, uko wapi? Nimejifungia bafuni nacheka. Shemeji yako ametuaibisha leo.

Si petroli imeshuka bei? Asubuhi kasikia redioni, akasimama katikati ya sebule na mswaki mdomoni. Eti bei imerudi pale ilipokuwa tulipooana. Akavaa shati la kutokea, akanipakia hadi kituo cha mafuta, akamwambia binti wa pampu, "Jaza." Yeye huyo, wa kuweka ya kufika kazini na kurudi. Hata yule binti alimwuliza mara mbili.

Tukaondoka vizuri. Kufika kwenye taa akatupia jicho dashibodi, akaegesha pembeni, jasho linamtoka.

"Mke wangu, mshale wa mafuta umekwama juu. Wameniharibia gari."

Akampigia fundi wake. Fundi wa watu kaacha kazi, kaja mbio na pikipiki, akachungulia.

"Bosi, si umejaza tenki?"

"Nimejaza."

"Basi tenki likijaa, mshale hukaa hapo."

Hukaa hapo, shoga. Miaka yote na gari lile hajawahi kuuona ukivuka nusu. Fundi aligeukia barabarani asije akamcheka usoni.

Sasa tumerudi, gari kalifunika turubai. Nikamwambia kisingizio cha bei kimekwisha, jioni anipeleke kwa mama. Kakubali bila ubishi.

Ndiyo kwanza kaniletea raba zangu. Anasema hewa ya jioni ni nzuri, twende kwa miguu, tusiushushe mshale.