Kadi ya Kazi ya Babu Ashby

Guangzhou, 9 Machi

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Huku mvua haikatiki, nepi hazikauki. Neema ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba.

Mama, hati ya mtoto ya kusafiria imekwama. Pasipoti ya Lucas inasema Ashby, cheti chake cha kuzaliwa kinasema Mshana. Ubalozini wanataka karatasi yenye majina yote mawili. Nikaeleza kwamba Mzungu wa shamba la mkonge aliwaandika vibarua wake wote kwa jina lake, babu yake Lucas akiwemo. Karani akauliza, "Kwa hiyo mtoto ni wa Mzungu?" Nilishindwa hata kucheka.

Juzi pale soko la nguo la Shahe, nikinunua magauni, muuzaji alisoma risiti akaniita Ashby. Dada mmoja wa Taveta akaruka: "Mie Ashby pia, wifi! Babu zetu wamekata mkonge wa bwana mmoja!" Jina limetapakaa hivyo, lakini mwanangu ndiye anayeulizwa amelitoa wapi.

Kadi ya kazi ya babu imo kwenye sanduku lako la bati, ina majina yote mawili. Nilionyeshwa siku ya posa. Tafadhali itume kwa posta ya haraka. Viza zetu zimebakiza siku kumi na moja, na bila hati Neema hapandi ndege. Nitamwacha na nani?

Najua Lucas yuko hapo. Uliponiambia kwenye simu hujamwona, nilimsikia akikohoa nyuma yako. Sikulaumu, mama, ni mwanao. Mwambie simwiti arudi. Aipeleke tu ile kadi posta leo, kwa mkono wake mwenyewe. Na mimi nina mwanangu.

Mkweo,
Clementina, mama Neema