Majina Yapo, Sauti Hakuna

Mwenzangu, uko wapi? Nimekaa kwenye ngazi za maktaba.

Sauti ya marehemu mume wangu haimo. Haimo!

Si unakumbuka watu wa hapa maktaba walichukua simu yake, wakanakili nyimbo za kwaya alizotunga ili wazihifadhi? Wakanirudishia, wakasema, "Mama, zote ziko salama kwetu." Nami nikafuta kila kitu kwenye simu, nikampa mjukuu.

Leo nimekwenda kumsikiliza. Mkutubi kafungua kompyuta, majina ya nyimbo yote yapo. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza nyingine, kimya.

"Mama, inaonekana tulinakili majina tu. Sauti zilibaki kwenye simu. Simu iko wapi?"

Simu iko wapi! Nimeifuta kwa mkono wangu huu, kwa sababu walisema salama. Akasema, "Pole, mama."

Ee Mungu wangu, nishike.

Sasa sikia. Ile sauti marehemu aliyokutumia kwenye simu, "Shemeji, sufuria yetu imeota mizizi kwako?", bado unayo? Nakujua, simu ikijaa unafuta ovyo. Nakusihi usiguse kitu.

Nakuja. Hata akiwa anagomba, nataka nimsikie.