Kitambaa cha Dari ya Pijo

Mpendwa mshauri, nisaidie, hiyo kitambaa bado iko kwa stoo chini ya gunia ya mahindi na hakuna mtu anajua ni mimi nimeficha, ni huyu tu Kagure wa kikundi chetu ananiandikia, na nimemwambia akisema hatakunywa chai kwangu tena. Ni ya dari ya Pijo, ile stesheni wagon ya mzee wangu Mutahi, tulinunua na pesa ya kahawa, wakati kahawa ilikuwa kahawa, na Wamagana yote hapa kwetu ilibebwa na hiyo gari, bibi harusi, wagonjwa, mbuzi, mbuzi mmoja alikula mlango kwa ndani, wacha tucheke. Mzee alikuwa mrefu, kofia yake ilikuwa inagusa juu, ikaacha alama nyeusi ya mviringo kama sahani. Alikufa mvua ya Aprili. Nilikuwa nikienda kutoa mayai ndani ya hiyo gari, kuku zilikuwa zinatagia hapo, naangalia hiyo alama, nakaa kidogo.

Sasa kijana yangu Munene akasema ati anataka kurudisha gari vile ilikuwa yeye akiwa mtoto, viti, milango, dari, yote mpya. Akaniuliza, nikasema "fanya vile unaona", kwa sababu ametahiriwa, ni mwanaume, mama atamkataza aje? Nilidhani ataona vile mimi naona. Hakuona. Fundi Njoka akatoa dari, akaweka kwa nyasi, nikachukua. Kumbe hiyo ya zamani ndio ya kukatia ile mpya kipimo! Munene akamwambia, "Njoka, umetupa dari ya baba yangu, toka hapa!" Njoka akabeba mashine yake ya kushona akaenda akipanguza macho, mtu mzima. Na Munene sasa anakaa tu chini kwa hiyo gari haina viti. Nikisema, ataona mama yake ni mwizi. Nikinyamaza... ngoja, ananiita, ati "Maitu, mama yangu, kuja unishikie hii mlango." Kagure, funga barua, naenda.

Jibu

Mama, pole sana kwa Mzee Mutahi. Lakini umekosea, na unajua. Njoka ameharibiwa jina kwa sababu yako, na wewe unapika chai! Umemwambia Kagure, umeniambia mimi, sasa wasomaji wote wanajua. Aliyebaki ni mwanao. "Fanya vile unaona" si jibu, Mama. Mtu huona kile alichoonyeshwa. Na kijana anayekaa chini ndani ya gari lisilo na viti, unadhani anatafuta viti? Anamtafuta babake, kama wewe.

Toa hicho kitambaa leo, kabla panya hawajakipata. Mpeleke Munene mpaka kwa Njoka, usitume mtu, uombe msamaha wote wawili wakisikia. Ukilia, lia. Kutahiriwa hakukumfanya asiwe wako.

Njoka akishachukua kipimo, akate ile alama ya kofia, aishone pale pale juu ya dereva, nyuma ya kitambaa kipya. Hakuna atakayeiona. Lakini Munene akiendesha, itakuwa juu ya kichwa chake, na wewe ukiwa kando yake utajua iko.