Pete Zilizoachwa na Pengo

Maabara ya Vimelea,
Ghorofa ya Pili.
Alhamisi, tarehe 16 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele zikufikie wewe, wifi yangu na watoto. Mgongo unaendeleaje tangu yule fahali akutupe? Mimi ni mzima wa mwili, ila mdomo wangu, kwa mara ya kwanza, umekosa wa kugombana naye.

Mvua hainyamazi wiki hii. Vioo vimejaa ukungu, na mchana huku ndani tunaonekana kama watu waliozama majini wakaendelea na kazi.

Dereva wa gari la chanjo anayekuletea barua hii anaondoka adhuhuri, kwa hiyo nisizunguke. Ile dawa mpya niliyokutumia, usimchome ng'ombe hata mmoja.

Najua nilivyokuandikia kwa mbwembwe. Kimelea anayeletwa na mbung'o kuwaua ng'ombe ana seli moja tu, na ndani yake mitokondria moja ya kumpa nguvu. Humo vinasaba vyake vimelala kama wavu wa maelfu ya pete ndogo, kila moja imepita ndani ya jirani yake. Sisi hutia rangi inayong'aa kila penye pengo kwenye pete. Katika chupa yenye dawa, wavu wote uliwaka. Katika chupa isiyo na dawa, giza. Nikapiga meza: dawa inakata pete! Nikaandika gazetini, na walioniuliza maswali nikawaita wataalamu wa kukalia viti.

Jumatatu akaja Mama Chupa, anayetukuzia vimelea.

"Dada, hawa wako hawafi. Wanazaana."

"Na mapengo yote haya?"

"Mapengo siyajui. Najua kuhesabu. Jana walikuwa nusu ya hawa."

"Wewe kuza vimelea, sayansi niachie mimi."

"Haya. Lakini maiti wako wana hamu ya chakula, jamani!"

Nilibaki peke yangu kwenye hadubini, nimefura. Mvua ikanibembeleza, macho yakawa mazito, na sijui kama niliona au niliota. Pete ziling'oka moja moja katikati ya wavu, zikaelea. Kila moja ikajitengenezea pacha wake, kisha wawili hao wakarudi kushikamana na wenzao ukingoni. Na kila aliyerudi alikuwa na pengo dogo.

Ndipo nikamwona mama, anatuogesha sote saba. Unakumbuka? Aliyekwisha kuoga alivikwa shati, kifungo cha juu kikaachwa wazi, ili asishikwe tena akasuguliwa mara ya pili. Tulipokwisha wote, alipita mstarini akitufunga vifungo, mmoja baada ya mwingine, mikono yake inanuka sabuni.

Pengo si jeraha, mdogo wangu. Ni alama kwamba pete hii imekwisha kunakiliwa, isirudiwe. Zikiisha kunakiliwa zote, mapengo huzibwa, wavu ukagawanyika kuwa miwili. Na hili si geni. Limo vitabuni, nimelisoma, nimelifundisha. Lakini nilitaka kushinda kuliko nilivyotaka kuona.

Kosa lenyewe linatia aibu. Chupa yenye dawa tuliitia mchuzi mpya wa kuwalisha siku ileile, vimelea wakaanza kuzaana kwa fujo. Ile nyingine ilikuwa na mchuzi wa siku tatu, wamelala. Nikalinganisha waliokesha na waliosinzia. Jana tumerudia, zote mbili na mchuzi mpya, kwa wakati mmoja. Zote zimewaka sawasawa. Dawa haikukata kitu.

Mama Chupa nimemwomba radhi mbele ya wote. Akasema, "Yamekwisha, dada, ila leo chupa unaosha wewe." Nimeziosha. Gazetini nimepeleka kanusho, jina langu juu kabisa, na wale wa viti nimewaambia walikuwa na haki ya kuuliza.

Wewe endelea na dawa ya zamani, hata kama ni kali na sindano yake inavimbisha. Najua umewaahidi wafugaji, na wamekusubiri wiki tatu kwa neno langu. Waite, waambie aliyekosea ni dada yako wa tumbo moja. Wakianza kunitukana usinitetee. Waache wamalize, kisha uwachomee ng'ombe wao.

Nisalimie wifi, shangazi na mapacha wako watundu. Mungu awape afya nyinyi na mifugo yenu.

Dada yako akupendaye hata anapokuaibisha.