Kosta Yetu Ilale Wapi Leo

Jumamosi, 21 Septemba 2024

Kigoma! Tumeingia saa tisa alasiri. Kiuno changu nimekiacha Uvinza. Thobias kaniuliza mara nne kama hapa ni Dodoma — ya nne nikamjibu kwa ukali, nikajuta papo hapo.

Gesti ziko tele mji mzima lakini gesti hatuwezi. Tangu huyu mume wangu aanze kusahau, akiamka chumba kigeni anatafuta mlango na kuondoka. Morogoro, kwa mwanetu, tulimkuta stendi, peku. Ndani ya Kosta hapotei. Aliiendesha miaka kumi na tisa, ikibeba watoto wa shule. Kung'oa viti na kuweka vitanda ni wazo langu bora tangu niolewe!

Kituo cha mafuta wamekataa. Kanisani kuna harusi, uwanja umejaa maturubai. Mwishowe mlinzi wa ghala moja kakubali, mradi tuondoke kabla ya malori. Afadhali.

Jumatatu, 23 Septemba

Leo Kibirizi. Ufukwe mtupu, boti zimetulia tu, na mchanga — umefagiwa! Nikajisemea, watu wa huku wastaarabu kweli. Sikuona wa kumwomba ruhusa. Sawa, sikumtafuta pia. Nimeegesha katikati, kama mwenye mali. Thobias kala, kanywa dawa, yuko kitandani anaangalia ziwa. Raha iliyoje.

Jumanne, 24 Septemba

Aibu! Aibu tupu!

Alfajiri Kosta inagongwa kama ngoma. Nafungua: akina mama, mabeseni kichwani, dagaa wabichi wanachuruzika. Kumbe siku zile za mbalamwezi wavuvi hupumzika, ndiyo maana palikuwa patupu. Jana wamerudi ziwani. Na ule mchanga haukufagiwa kwa ajili yangu, ni wa kuanikia! Mmoja, Yasmini, mdomo moto: eti nimeegesha juu ya chakula cha watu, tena bila hodi. Nikaomba radhi, nikakimbilia usukani, nikarudi nyuma huku nikitukanwa pande zote mbili.

Kushuka — Thobias hayupo ndani. Nikazunguka gari mbio. Namwona kachuchumaa kati ya wale wanawake, anatandaza dagaa. Mmoja mmoja, haraka, hawalaliani. Anawasalimia "Mwakeye!" kwa Kiha chake cha utoto, nao wanaitikia.

Nikamwambia Yasmini mzee ni wa Ilagala, nampeleka kwa dada yake huko, na kwamba anasahau. Mara ya kwanza kumwambia mtu nisiyemjua. Akaitazama mikono ya Thobias.

"Kuanika hajasahau," akasema.

Nililia kidogo. Basi tena. Yasmini katupatia bakuli la dagaa na kutuelekeza Ujiji kwa mjomba wake, mzee Hamdani, mwenye yadi ya mbao.

Alhamisi, 26 Septemba

Siku ya tatu kwa mzee Hamdani. Ukuta mrefu, geti, choo safi. Tumelala mpaka saa mbili asubuhi! Sijalala hivyo tangu Pasaka.

Ila Elida kapiga simu. Dada yake Thobias, yuko Ilagala. Mchuuzi wa samaki kamwambia kaka yake kaonekana Kibirizi akilala garini. Mbona hatujafika? Chumba kiko tayari. Nimesema kesho. Sikusema lingine. Thobias, alipokuwa bado na siku nzuri, alinishika mkono: Elida asijue kwamba nasahau. Elida ndiye aliyemlea.

Ijumaa, 27 Septemba

Ilagala. Chumba kimepakwa chokaa, shuka mpya, neti mpya. Nikasema, wifi, ahsante, sisi tutalala kwenye gari hapa uani.

Ningemchapa kofi ingekuwa afadhali. Kasema hajawahi kuona: kaka alale nje ya nyumba ya dada yake, majirani wanatazama? Anauliza kama nyumba yake inanuka, au ni mimi nisiyeitaka. Wali umeliwa hivyo hivyo. Kisha Thobias kamshukuru kwa chakula — akamwita "mama mwenye nyumba". Kwa adabu kabisa, kama mpangaji.

Elida kaweka sahani chini.

Nimemwambia yote. Stendi, peku, dawa, ahadi. Nimevunja ahadi ya mume wangu, na kifua changu chepesi, Mungu anisamehe. Elida kainuka. Kaingia chumbani na kufunga mlango.

Saa moja sasa. Naandika kwenye ngazi ya Kosta, Thobias yuko ndani anakunja pazia. Huko kwa Elida vitu vinaburutwa. Kama anatufukuza, sijui tutaegesha wapi giza hili.

Mlango umefunguliwa. Anakuja. Ana godoro kichwani na ile neti mpya kwapani. Hanitazami. Anauliza tu, wifi, usiku kaka anatokea mlango upi — hapo ndipo atakapolala yeye. Thobias kashasogeza ndoo kumpa nafasi, anamwambia karibu, karibu, usiogope —