Jumapili ya Kwanza ya Februari

Albert Park, Durban
12 Februari 2013

Mwanangu Peguy,

Salamu zikufikie wewe, mjomba wako Serge na nyumba yake yote. Baridi ya huko Ohio imepungua? Mimi niko, nashukuru. Mgongo unaniuma jioni kwa kusimama saluni, lakini mikono bado haitetemeki, na kinyozi akiwa na mikono hana la kulalamika.

Jumapili ya kwanza ya Februari tulikaa mezani, kama kila mwaka tangu mama yako atutoke. Ni miaka mitano sasa. Mama Gracieuse wa jirani alipika maharage na mawese, Vénérand wa saluni akaleta soda. Unakumbuka sheria ya siku hiyo: kila mmoja anasema jambo moja dogo la Félicité, na harudii la mwaka uliopita. Mama Gracieuse alisema jinsi mama yako alivyoweza kusuka nywele huku anasinzia na mstari usipinde. Vénérand alisema mama yako alivyomfukuza kwa mwiko siku aliyoonja sombe yake ya majani ya muhogo bila kuomba. Zamu yako ilipofika, simu ilikuwa katikati ya meza, juu ya ile sahani ya bati yenye ua. Tulingoja. Maharage yakapoa.

Jioni mjomba wako akaandika kwamba ulitoka asubuhi kwenda kwa kocha wako, kusaidia kuchoma nyama ya fainali ya mpira wa Kimarekani. Ni mpira gani huo unaoanza jioni na kumchukua mtoto tangu asubuhi?

Papa yako

Dayton, Ohio
9 Machi 2013

Papa,

Habari za siku nyingi? Mgongo unaendeleaje? Huku theluji imeanza kuyeyuka na viatu vyangu havikauki. Mjomba anakusalimu.

Unisamehe kwa Jumapili ile. Nilisema nitapiga simu nikifika kwa kocha Billy. Kukawa na kazi, wakaja watu, na nilipokumbuka ninyi mlikuwa mmelala.

Lakini Papa, ungeona! Unakumbuka 2010, kabla hatujaondoka, Durban nzima ilivyokuwa inapuliza vuvuzela? Hapa iko hivyo kila mwaka siku ya fainali. Barabara zinabaki tupu, robot, zile taa za njia panda, zinabadilisha rangi bila gari hata moja. Na si fainali tu. Mechi zetu za shule, Ijumaa, wanakuja watu elfu nne. Kuna bibi mmoja anakuja na mtungi wake wa oksijeni.

Mpira una umbo la yai. Unaubeba kwapani na kukimbia, na watu kumi na mmoja wanataka kukuangusha. Mimi ndiye ninayebeba. Kocha Billy anasema namna ninavyoushika hakunifundisha yeye, ananiuliza nilijifunza wapi. Mimi sijui. Hakuna mchezo utakaoushinda huu hapa, hata baada ya miaka mia. Nimekuwekea picha. Huyo pembeni yangu ndiye kocha.

Mtoto wako, Peguy

Albert Park, Durban
20 Aprili 2013

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia wote ni wazima. Mimi pia. Huku jua limepungua ukali na wateja wanaacha nywele ziote.

Picha nimeibandika kwenye kioo cha saluni. Wateja wanauliza, "Gustave, huyo mzungu ni nani?" Nasema simjui, na kweli simjui. Ninaujua mkono wake tu, maana kila siku nauona begani mwako.

Nimeuliza habari za mchezo wako. Kuna mteja wangu, Njoroge, Mkenya anayekaa Morningside na kufundisha chuo kikuu. Anasema zamani Wamarekani walipenda ngumi na mbio za farasi kuliko chochote, na walidhani itakuwa hivyo siku zote. Sasa, anasema, wazazi wameanza kusoma habari za wachezaji walioharibika vichwa, na wengine wanawatoa watoto wao. Vénérand alikuwa kwenye kiti akamkatiza: "Eish, Prof! Watawatoa watoto wao, kisha watakaa kutazama watoto wa wengine."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mtoto wa wengine ni wewe.

Mimi nasema huo mpira utaanguka. Mchezo hauwezi kudumu akina mama wakiukataa. Mama yako angekuwepo angeingia uwanjani na mwiko wake.

Papa yako

Dayton, Ohio
30 Septemba 2013

Papa,

Natumaini uko salama. Mimi niko salama, msimu umeanza, ndiyo maana nimechelewa kuandika.

Barua yako nilimsomea mjomba. Alisema unaongea kama bibi aliyemkuta mume wake na mwingine. Usikasirike, tulicheka tu. Lakini kocha Billy hajachukua nafasi ya mtu. Mazoezi yakiisha ananirudisha nyumbani na gari lake, basi. Njoroge hajawahi kukaa uwanjani hapa siku ya Ijumaa. Mchezo huu hauendi popote.

Na wewe mwenyewe ndiye uliyenipandisha ndege, Papa.

Peguy

Albert Park, Durban
18 Februari 2014

Peguy,

Natumaini u mzima. Sisi tuko. Mvua imenyesha wiki nzima na ukuta wa jikoni umeota ukungu tena.

Jumapili ya kwanza imepita. Sahani ile ile, simu ile ile. Mwaka huu sikungoja maharage yapoe. Mama Gracieuse alisema, "Labda ni mtandao." Miaka miwili ni mtandao!

Nimejiuliza nina wivu na nani. Kwanza nilidhani ni huyo kocha. Kisha nikaona ni mchezo wenyewe, maana kocha ni mtu mmoja na mchezo ni nchi nzima. Una viwanja, una taa, na bado umechukua Jumapili hiyo hiyo. Mama yako ana meza moja na viti vinne. Hukuweza kumwachia hata robo saa ya asubuhi?

Ni kweli, mimi nilikupandisha ndege. Jina lako lilikuwamo kwenye faili la ukimbizi la mjomba wako, la kwenda Marekani, na langu halikuwamo. Nilidhani nakupeleka shule.

Mwambie Billy akukumbushe mama yako alivyokuwa. Mimi sitaandika tena mpaka uandike.

Gustave

Dayton, Ohio
11 Mei 2014

Papa,

Habari za nyumbani? Mgongo? Ukungu wa jikoni umetoka? Mama Gracieuse hajambo?

Chini ya barua yako uliandika Gustave. Nimekaa na neno hilo miezi mitatu. Leo huku ni siku ya akina mama, kila duka limejaa maua, nikaona nisipoandika leo sitaandika kamwe.

Oktoba niligongwa kichwa. Nilisimama mwenyewe, nikatembea vizuri tu, nikaenda kukaa kwenye benchi la timu nyingine. Watu walicheka. Kocha Billy hakucheka. Alikuja akanivua ile kofia ngumu, akaenda kuifungia kwenye gari lake. Alisema hatanirudisha uwanjani hata nikilia. Nililia, na hakunirudisha. Wiki tatu nilikaa chumbani na mapazia yamefungwa, mwanga ulikuwa unaniuma. Nilimwomba mjomba asikuambie, maana ungesema, "Si nilisema?"

Jumapili ile ya Februari simu ilikuwa mkononi mwangu tangu saa moja asubuhi. Nilikuwa natafuta jambo la Mama la kusema. Niliyokuwa nayo nilishayasema yote. Nikatafuta jipya, hakuna. Nikatafuta sauti yake, nayo sikuipata. Daktari anasema nisiogope, nipumzike. Mimi sijui kama ni kichwa au ni miaka tu. Niliona aibu kuja mezani mikono mitupu.

Ile Ijumaa ya Oktoba iliyofuata baada ya kugongwa, watu elfu nne walikuja, na mwingine alikuwa amesimama mahali pangu. Mwambie Vénérand alisema kweli.

Niandikie ya Mama, Papa. Hata yaliyokwisha kusemwa.

Mtoto wako, Peguy

Albert Park, Durban
1 Juni 2014

Mwanangu, mtoto wa Félicité,

Kichwa kinaendeleaje? Kuanzia sasa kila barua unijibu hilo kwanza, salamu baadaye. Mgongo wangu usiuulize tena.

Unisamehe kwa lile jina nililoandika chini. Mtu hawezi kuwa Gustave kwa mtoto wake.

Mwambie Billy asante. Mkono wake bado uko kwenye kioo na bado nauonea wivu, kwa sababu ndio uliokuvua kofia, na ulipaswa kuwa wangu. Lakini asante ni asante, umwambie hivyo hivyo. Njoroge alileta gazeti jingine kuhusu mchezo huo nikamwambia alikunje. Nilitaka mchezo uanguke ili wewe urudi kwangu. Umeanguka wewe, mchezo umesimama. Nimefaidi nini?

Sasa ya mama yako. Alikuwa akimenya chungwa ganda likitoka zima, bila kukatika, kisha analitundika kwenye msumari wa mlangoni mpaka linakauka. Ukimuuliza la nini, anasema, "Linangoja." Kwenye robot alikuwa hasogei mpaka iwe kijani, hata barabara iwe tupu kabisa, na mimi niko ng'ambo naona haya. Alikuwa anaogopa lifti ya jengo letu, akipanda anashika sikio langu. Ulipozaliwa alihesabu vidole vyako, akaniambia nihesabu na mimi, akasema, "Umekosea, anza upya," kumbe alitaka tu niendelee kukushika. Alikuwa akiimba kwa kunong'ona akidhani hatusikii. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko watu walivyotegemea, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Itafute hapo.

Hayo ndiyo yote niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya miaka ijayo. Nilipanga kuyasema moja moja mpaka nizeeke. Februari nitakuja mezani mikono mitupu, lakini si kitu. Wewe tu uje.

Papa yako

Dayton, Ohio
10 Januari 2015

Papa,

Kichwa ni kizima. Daktari ameniachia. Sasa salamu: hujambo? Mimi sijambo.

Jumapili ya kwanza nitapiga simu saa tisa yenu mchana, lakini naandika pia, ili mtandao ukikataa niwe na karatasi mezani. Mama Gracieuse aisome.

Nimekuwa namenya machungwa kama ulivyosema. Ganda linakatika kila mara. Juzi liliteremka refu, karibu zima, na harufu ikaniingia puani, nikakumbuka mchanga. Nilikuwa na miaka minane. Jumamosi ulipokuwa saluni, Mama alikuwa ananipeleka ufukweni kule Point na machungwa kwenye mfuko. Tulikuwa na mpira wa kawaida, lakini yeye hakutaka kuupiga na mguu, alisema utamharibia kucha. Alivua viatu, akafunga kitenge juu ya magoti, akaubana mpira kwapani kama mtoto mchanga, akakimbia. Akapiga kelele, "Nishike basi! Nishike!" Sikumshika hata mara moja. Aliniambia nisikuambie, utasema anaharibu kitenge kizuri.

Sauti yake imo humo humo, Papa. Ni nzito, kama ulivyosema.

Na sasa ninajua la kumjibu kocha Billy.

Mtoto wako, Peguy

Albert Park, Durban
3 Februari 2015

Mwanangu Peguy,

Sisi wote wazima, na sauti yako kwenye simu ilikuwa ya mtu mzima, ingawa ilikatika kabla hujamaliza kutusalimu. Mama Gracieuse akasoma karatasi. Ilibidi aisome mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alicheka akashindwa kufika mwisho.

Kila Jumamosi nilikuwa saluni nanyoa vichwa vya watu, na mke wangu anakimbia pwani na mpira kwapani, na mimi sijui. Miaka saba nimejiona ndiye mwenye funguo za Félicité, wengine nawagawia. Nikaona wivu, Peguy. Wivu wa kweli, juu ya mtoto wa miaka minane. Nikaenda jikoni nikakaa huko kidogo. Nilipotoka nilikuwa nacheka, Vénérand akaniuliza kama soda yake ina kitu.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa mikono mitupu kama nilivyokuambia. Wakasema, "Gustave, sema lolote." Nikasema, "Huo mpira wa Marekani utabaki."

Vénérand akaruka: "Si wewe uliyesema utaanguka?"

Nikamwambia, hiyo ilikuwa kabla sijajua nani alimfundisha mtoto.

Kitenge kilikuwa cha rangi gani? Usikisie. Kama hukumbuki, acha, nami nitangoja. Ila kama unakumbuka, niandikie upesi, maana tangu juzi namwona akikimbia na sijui nimvishe kipi.

Papa yako